Ndoo Nyuma ya Jalada

Nyumbani kwetu hatuna kinyongo. Nalisema mapema ili asije mtu akatufikiria vibaya. Sisi tukikosewa tunasamehe, tunakunywa chai, maisha yanaendelea. Baba, kwa mfano, ana miaka sita hajamsalimia jirani wa upande wa kulia kwa sababu aliazima ngazi yetu akairudisha imepungua kidato kimoja. Paka wa jirani Baba anamsalimia, tena kwa heshima zote. Jirani mwenyewe, hapana. Lakini hicho si kinyongo. Baba anasema ni kumbukumbu nzuri tu.

Basi katika nyumba hiyo isiyo na kinyongo tunaishi watu watatu: Baba, ambaye ni fundi majokofu, dada yake, yaani shangazi yangu, na mimi, niliyemaliza sekondari na ninayeitwa Redio na watu wasiojua kufurahia mazungumzo.

Shangazi ni mfagiaji. Kwa miaka kumi na tisa alifagia na kupiga deki chumba cha kusomea kilichoko chini ya jengo la halmashauri, kati ya ofisi ya bili za maji na chumba cha kupimia presha. Kina meza nne, feni moja inayozunguka ikijisikia, na rafu za riwaya ukuta mzima. Karani aliyekuwa akikisimamia zamani alikuwa mtu wa mafaili. Riwaya kwake zilikuwa vumbi lenye majalada. Kwa hiyo mtu akiingia na kuuliza, "Kuna kitabu kizuri humu?" karani alinyoosha kidole kumwonyesha Shangazi, na Shangazi aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo yake akamtazama mtu huyo kuanzia viatuni.

"Umegombana na nani?" angeuliza.

"Aa, shangazi, sijagombana na mtu."

"Basi mmenuniana. Chukua hicho cha chini, kilichochanika mgongo. Ukifika ukurasa wa thelathini utacheka peke yako, na mkeo atakuja kuuliza unacheka nini."

Na mke alikuja kweli akauliza. Shangazi aliishia darasa la saba, lakini riwaya zote za mle alizisoma, nyingine mara tatu. Alisoma wakati sakafu inakauka. Sakafu ile ilichukua muda mrefu kukauka kuliko sakafu yoyote ya halmashauri.

Kulikuwa na desturi. Wasomaji wetu wengi ni watu wazima, na ukishasoma riwaya mia mbili huwezi kukumbuka ipi umesoma na ipi bado. Kwa hiyo kila mmoja, akimaliza kitabu, alichora alama yake kwa penseli ndani ya jalada la nyuma. Mshonaji alichora kifungo. Kinyozi, kitana. Mlinzi wa benki ya ng'ambo ya barabara, tochi. Shangazi alichora ndoo, na ndoo yake ilikuwa inasema: mkono wa ndoo ukiwa umesimama, chukua, hutajuta, ukiwa umelala, kiache kilipo. Na kwa kuwa ndoo yake halisi ilibonyea ubavuni siku ilipomponyoka ngazini, kila ndoo aliyoichora aliipa kibonyeo palepale.

Watu wakaacha kusoma hata majina ya vitabu. Waliingia, wakakigeuza kitabu nyuma kama mtu anayetafuta tarehe kwenye kopo la maziwa, wakatafuta ndoo. Ndivyo mtaa wetu ulivyosoma riwaya ambazo hakuna aliyezitangaza popote: nyembamba, zilizopauka, za waandishi walioandika kimoja wakanyamaza.

Nimtaje na Mlinzi kidogo. Alikuwa akitoka lindoni asubuhi, akaja chumbani mlango unapofunguliwa tu, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akafungua riwaya, na ndani ya dakika kumi riwaya ilikuwa imemfunika uso kama paa la kibanda. Tukimcheka, alijibu kutoka chini ya kitabu, "Mlinzi halali. Anapumzisha kope."

Tulikuwa tunacheka sana enzi hizo.

*

Kisha tukaletewa mkutubi. Kijana mwenye cheti, tai, beji ya jina na karatasi moja aliyoipiga plastiki isichakae. Karatasi hiyo ilikuwa orodha ya riwaya zinazouzwa kuliko zote, na hakuichomoa mfukoni ila kuisoma kwa sauti. Tukampa jina siku hiyo hiyo: Bwana Orodha.

Aliagiza riwaya tatu, kila moja nakala arobaini, akazipanga zikitazama mlango kama picha za wagombea. "Hivi ndivyo vitabu ambavyo kila mtu anasoma," akatangaza.

"Kama kila mtu anasoma, mimi nina haja gani?" Kinyozi akauliza. "Si nitasimuliwa tu kazini?"

Bwana Orodha hakucheka. Alikuwa na ile namna ya kutocheka inayofanya mzaha wako ukurudie mdomoni. Zile riwaya nyembamba akazitia kwenye maboksi na kuandika ubavuni KUTUPA, kwa herufi kubwa, kalamu nene. Ni wakati wa kuzipanga ndipo alipofungua jalada moja la nyuma, halafu la pili, halafu la tatu.

"Nani anachora ndoo?"

Chumba kizima kikatazama meza. Shangazi akaegemeza fagio ukutani. "Ni mimi, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Mimi ni mkutubi." Akainua kitabu juu kama polisi aliyekamata bangi. "Huu unaitwa uharibifu wa mali ya umma. Unaelewa, mama? Kazi yako ni sakafu, si rafu."

Akamkalisha meza ya mbele, ile inayotazamana na mlango, akampa raba ya wanafunzi, ya rangi ya waridi, yenye picha ya sungura. Afute alama zote. Zake na za wengine. Vitabu zaidi ya mia nne, na afutie hapo hapo, watu wamwone.

Mshonaji alijaribu. "Jamani, mkutubi, si ni penseli tu…"

"Mama, umekuja kusoma au kutetea?"

Mshonaji akainamia kitabu chake. Alikishika kichwa chini, miguu juu, na hakukigeuza.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea Shangazi chakula cha mchana. Nilimkuta pale na aproni yake, mwanamke wa miaka hamsini na minne, anafuta kama mtoto aliyekosea hesabu. Alifuta, akapuliza vumbi la raba kiganjani, akalitia kwenye mfuko wa aproni. Alijua likianguka sakafuni ni yeye atakayelifagia. Kabla sijaondoka Bwana Orodha alimletea barua ya onyo atie sahihi: ikionekana alama yake nyingine katika kitabu chochote, ataondolewa chumbani moja kwa moja. Shangazi akasoma barua yote, mistari yote, maana yeye hawezi kuacha maandishi katikati. Akatia sahihi.

"Umeiva uji wa mahindi?" akaniuliza, akifungua bakuli. Ulikuwa wali. Hakuwa ameutazama.

*

Jioni ile Baba alikuwa anazunguka sebuleni na bisibisi mkononi.

"Ofisini kwake kuna jokofu?"

"Hakuna," nikamjibu. "Kuna kiyoyozi."

"Nitakwenda kukitengeneza."

"Hakijaharibika, Baba."

"Ndiyo maana nasema nitakwenda kukitengeneza."

"Kaka, kaa chini," Shangazi akasema. Alikuwa ameloweka vidole kwenye maji ya vuguvugu. Viwili vilikuwa vimevimba. "Kaniambia nifute, nafuta. Leo nimefuta kifungo cha mshonaji kwenye kile kitabu alichokisoma alipofiwa na mumewe. Yeye mwenyewe alikuwa pale, ananitazama. Sikujua niangalie wapi."

Tukanyamaza. Hata mimi, kwa kiasi.

"Unamchukia, Shangazi?" nikauliza mwishowe.

"Mimi? Namwombea."

"Unamwombea nini?"

Akakausha kidole kimoja kimoja kwa taulo. "Apewe riwaya mbaya, asafiri nayo safari ya siku nne, na asiwe na nyingine."

Baba alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Nataka jambo hili lieleweke vizuri: wazo lilitoka kwa Shangazi. Mimi nililisikia tu, kama mtu mwingine yeyote mwenye masikio.

*

Jumatatu iliyofuata akaja Nesi Mstaafu. Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya chumba cha kusomea, na nusu ya mtaa ameichoma sindano, kwa hiyo hata wazee wakimwona wanakaa vizuri. Jicho lake moja lilishapotea siku nyingi. La pili lilikuwa na mtoto wa jicho, na Jumatatu ya pili yake lilikuwa lifanyiwe upasuaji.

"Daktari amesema baada ya hapo wiki sita nisiguse kitabu," akamwambia Bwana Orodha. "Na upasuaji ni upasuaji, huwezi jua. Kwa hiyo nina Alhamisi mpaka Jumapili. Siku nne. Nataka riwaya moja ya kunifurahisha."

Bwana Orodha akanyoosha mkono kwenye zile arobaini arobaini.

"Hizo nimesoma zote tatu. Ni kama mtu amenitafunia. Nataka ambayo hakuna anayeizungumza, lakini ukiishika huiachi. Yuko wapi yule mama wa ndoo?"

Shangazi alikuwa nyuma ya maboksi, anafuta. Alisikia. Aliinuka nusu.

"Yule ana majukumu mengine, mama," Bwana Orodha akasema. "Siku hizi huduma hiyo naitoa mimi, kitaalamu. Alhamisi asubuhi utaikuta mezani."

Shangazi akakaa tena.

Kesho yake aliwahi kazini. Alipiga deki, kisha akaweka riwaya moja juu ya meza ya mkutubi, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe karibu na mgonjwa. Nyembamba, jalada la kijani. Inahusu dada wawili waliorithi cherehani moja na nyumba moja, wakaishi humo miaka kumi bila kusemeshana. Kila mmoja anamjibu mwenzake kwa nguo anayoishona. Shangazi aliniambia habari yake nikiwa mdogo, na mpaka leo nikisikia cherehani nakumbuka. Nesi Mstaafu ana dada ambaye hawaongei. Mtaa mzima unajua hilo, ila Bwana Orodha, ambaye hakuwahi kumuuliza mtu umegombana na nani.

Bwana Orodha aliifikia meza, akaitazama ile riwaya, akaitazama ile orodha yake. Kitabu hakikuwemo. Akakisukuma kwa kidole kimoja, mpaka ukingoni, mpaka kikaanguka ndani ya boksi la KUTUPA.

"Sakafu," akasema, bila kumtazama.

Shangazi hakutusimulia. Nilisimuliwa na Mshonaji, naye alilia akisimulia.

*

Sasa, mtu aliyeahidi lazima atimize. Siku nzima ile ya Jumanne Bwana Orodha alijifungia na riwaya za maboksini. Alisoma ukurasa wa kwanza wa moja, akapiga mwayo. Wa pili wa nyingine, akaangalia saa. Ukweli ni kwamba kijana yule hakuwa msomaji wa riwaya. Alikuwa msomaji wa orodha. Ilipofika saa tisa akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuta boksi ambalo Shangazi alikuwa hajalifikia kwa raba, na akaanza kugeuza vitabu nyuma. Mtu aliyefutisha ndoo za watu alikuwa anatafuta ndoo! Nilimwona kwa kioo cha mlango nilipofuata bakuli. Nilimwona vizuri sana.

Jumatano mchana alitoka kwenda kula. Shangazi alikuwa nje, anamwaga maji. Na hapa ndipo mambo yanapoingia ukungu kidogo, kwa sababu mkono fulani, na sitasema wa nani kwa kuwa mtaani mikono ni mingi, ulichukua riwaya nene kuliko zote zilizowahi kuingia chumba kile.

Riwaya hiyo ina kurasa mia sita na mbili, na inahusu mpima ardhi anayepima kiwanja. Anakipima. Kwenye ukurasa wa mia mbili anagundua kamba yake ilikuwa fupi, anaanza upya. Hakuna mtu wa mtaa wetu aliyeufikia ukurasa wa mia tatu isipokuwa Shangazi, aliyeimaliza riwaya hiyo mwaka wa mafuriko kwa kuwa hakukuwa na pa kwenda, akachora ndoo yenye mkono uliolala na chini yake akaandika: Pole. Alama hiyo alishaifuta siku ya kwanza ya raba. Kinyozi aliwahi kuazima kitabu hicho azuilie dirisha, na kurasa thelathini na mbili za mwisho zilipochomoka akazifutia wembe.

Ndani ya jalada la nyuma la kitabu hicho mkono huo ukachora ndoo, mkono wa ndoo umesimama wima kama askari. Kitabu kikawekwa juu kabisa ya boksi ambalo halijafutwa. Hesabu ilikuwa nyepesi: Bwana Orodha angekikuta, angempa Nesi, Nesi angemtolea macho, na yeye asingethubutu kusema alichagua kwa kutazama ndoo. Angeona haya. Mtu yeyote angeona haya.

Chumbani hakukuwa na mtu. Mlinzi alikuwepo, lakini Mlinzi akiwa chini ya kitabu hahesabiki. Siku hiyo kitabu chenyewe kilikuwa cha kijani.

*

Kamati ilikaa wiki mbili baada ya upasuaji. Mkutano ulikuwa wa wazi, kwa hiyo mtaa ulikuja na viti vyake. Nesi Mstaafu aliongozwa mpaka mbele, kitambaa cheupe kwenye jicho, na mkononi ameshika kile kitabu. Alikitua mezani. Glasi za maji zikaruka.

"Mkutubi," akasema. "Ulinichagulia hiki?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe mwenyewe umekisoma?"

"Bila shaka, mama. Ni kazi bora kabisa."

"Ulipenda wapi hasa?"

Bwana Orodha akarekebisha tai. "Hasa mwisho. Mwisho wake unagusa sana."

Nesi hakuhitaji jicho. Alikifungua kwa vidole, akafika penye karatasi ya mwisho, akakigeuza tukione wote. Ukurasa wa mia tano na sabini. Sentensi ya chini kabisa ilisema: "na ndipo mpima ardhi alipo". Kisha jalada.

"Nionyeshe huo mwisho unaogusa."

"Mwisho ninao mimi!" Kinyozi akapaza sauti kutoka nyuma. "Una mapovu!"

Jamani. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Kuna mama alijifunika kanga usoni. Bwana Orodha alisimama pale, beji kifuani, jina lake likisomeka vizuri, na ile namna yake ya kutocheka ilikuwa imemkwama kama mfupa. Nilimtazama kila sehemu. Masikio yalikuwa mekundu. Nikayahesabu: mawili. Moyoni nilikuwa nasema, hiyo ni ya raba; na hiyo ni ya sungura; na hiyo ni ya kidole kimoja.

"Nilikisoma siku nne," Nesi akasema, na vicheko vikazimika. "Kwa jicho lililokuwa limebaki. Kila nikichoka nilijiambia, ndoo ya yule mama haijawahi kunidanganya, furaha iko ukurasa unaofuata. Nimeingia kwenye kisu cha daktari nikiwa na kamba ya mpima ardhi kichwani."

Hapo ndipo Bwana Orodha alipopata pa kutokea. Sikuwa nimepanga… namaanisha, hakuna aliyekuwa amepanga jambo hilo.

"Hata mimi nimedanganywa," akasema haraka. "Kina alama ya mfagiaji. Na mfagiaji ana barua ya onyo kuhusu alama. Nakala hii hapa."

Wakamwita Shangazi. Alikuja akifuta mikono kwenye aproni. Wakampa kile kitabu, jalada la nyuma wazi.

"Dada," Nesi akamwambia, "ndoo hii ni yako?"

Shangazi aliitazama muda mrefu. Kidole gumba chake kikapita ubavuni mwa ile ndoo, pale, kikarudi, kikapita tena, kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango gizani. Na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma nikakumbuka kwa mara ya kwanza kwamba ndoo ya Shangazi ina kibonyeo.

Aliinua macho. Hakumtazama Nesi, wala mkutubi. Aliyapeleka mpaka nyuma ya chumba, akayaacha hapo kidogo.

"Ni yangu," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilikosea."

"Nilikuamini, dada yangu."

"Najua."

Bwana Orodha alihamishiwa ofisi ya bili za maji wiki ile ile, akapewa mafaili ambayo yote yana mwisho mmoja. Shangazi akaondolewa chumbani kama barua ilivyosema, akapewa ngazi za jengo. Ghorofa nne za ngazi. Ngazi zina upepo. Zinakauka mara moja.

*

Baada ya hapo chumba cha kusomea kikapoa. Watu waliingia, wakageuza vitabu nyuma, wakaona weupe, wakatoka. Waliokuwa wakimsimamisha Shangazi barabarani kumuuliza wasome nini, sasa walimsalimia tu. "Shikamoo shangazi," wakapita. Mshonaji alimwuliza kitu mara moja, kisha akasema, "Basi, acha tu," na hilo Shangazi alirudi nalo nyumbani siku tatu. Hakushika kitabu. Alikaa na ile ndoo yake mlangoni, maana ilikuwa yake, halmashauri haikuwahi kumpa ndoo, na alipoulizwa na Baba kama anaumwa alisema miguu.

"Mimi naona wazi kuna mtu alimchezea," nilikuwa nikiwaambia wageni. Nilisema sana. Kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyosema.

Wiki sita zilipotimia, Jumapili mchana, Nesi Mstaafu akatutembelea. Kitambaa kilishatoka, jicho linang'aa kama la mtoto. Nyuma yake alikuja Mlinzi, amebeba mfuko wa plastiki, kwa kuwa alikuwa anapajua kwetu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Hakuingia. Alikuwa amesimama kizingitini, ameinama, anaitazama ndoo. Akaigusa ubavuni. "Hii imebonyea."

"Siku nyingi," Shangazi akasema. "Karibu ndani, dada."

"Na zote ulizokuwa unachora zilibonyea. Nimekaa wiki sita bila kitu cha kusoma, nimezikumbuka moja moja." Akatoa kile kitabu kinene kwenye mfuko wa Mlinzi, akafungua jalada la nyuma, akakisogeza karibu na jicho lake jipya. "Hii haijabonyea."

Baba akazima feni ili asikie vizuri.

"Ni kweli kabisa!" nikasema, nikainuka. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Mama, karibu kiti. Kuna mtu alimwiga. Na mimi simtaji mtu, lakini tujiulize, kitabu hiki kilikuwa kwa nani mara ya mwisho? Si kwa kinyozi? Kinyozi ana penseli, ana muda, ana utani wa kijinga. Au Bwana Orodha mwenyewe, alichora ili amfukuzishe Shangazi! Lakini yote hayo yamepita. Sisi nyumbani kwetu hatuna…"

"Ilikuwa saa saba na dakika kumi," Mlinzi akasema.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshika ile riwaya ya kijani magotini.

"Uliingia na bakuli, ukaliweka juu ya meza ya mkutubi. Ukalamba penseli. Ukachora mkono wa ndoo umelala, ukashtuka, ukaufuta kwa ile raba ya sungura, ukauchora umesimama. Ukakiweka kitabu juu ya boksi, ukakinyoosha kidogo, kama mtu anayepanga maua."

"Mzee, wewe ulikuwa umelala!"

"Mlinzi halali," akasema kwa upole. "Na nilikuwa nisiseme. Mambo ya nyumba ya mtu ni ya nyumba ya mtu. Lakini ulipomaliza, ulicheka. Nimelinda benki miaka ishirini na miwili, Redio. Nakijua kicheko cha mtu anayetoka na kitu."

Niliangalia dari. Nikaangalia Baba, naye alikuwa anaangalia dari. Shangazi akamwomba Mlinzi penseli, akafungua ile ya kijani, akachora nyuma yake ndoo yenye mkono uliosimama na kibonyeo ubavuni, bila haraka, akampa Nesi. Kisha akakichukua kile kinene, akaniwekea mapajani. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka.

"Ukurasa wa kwanza," akasema. "Kwa sauti."

"Shangazi, kurasa mia tano na…"

"Kwa sauti, Redio."

Baba akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la upande wa kulia, la kwa jirani, ambalo halijafunguliwa kwa miaka sita, na akalifungua lote.